Halle, Weimar, Dresden au Berlin? Jumamosi ya mwanafunzi aliyeko Leipzig

Ijumaa jioni jikoni kwetu bwenini huwa na swali moja: kesho twende wapi? Mmoja anataka Berlin kwa sababu ndio mji pekee wa Ujerumani ambao watu wa kwao wanaujua. Mwingine kaona picha za Dresden usiku. Wa tatu yuko kimya, anahesabu sarafu. Chai inakwisha hamjaafikiana, Jumamosi mnaamka saa nne, mvua inapiga dirisha, na safari imeshakufa.

Mimi ni mtu wa Lindi, niko Leipzig muhula wa nne sasa, na miji hii minne nimeizunguka nikiwa na pesa na nikiwa sina, kiangazi na katika baridi ya kupasua midomo. Ninachoandika hapa ni kwa mwanafunzi aliyekwama kama tulivyokuwa tunakwama sisi: ana siku moja, ana tiketi ya mwezi, na anataka arudi akiwa ameona kitu badala ya kupiga picha tu mbele ya mageti.

Nimepima kwa nini

Vigezo vyangu ni vitano, na nitavirudia kwa kila mji: njia, cha kuona, mfuko, miguu, na nani mji huo unamfaa.

Njia ninaihesabu kwa treni za mikoani peke yake, maana ndizo Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi, inazokubali. Tiketi hiyo ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikawa 58 mwaka 2025, na 63 tangu Januari 2026. Vyuo vingi huwapa wanafunzi wao kwa bei nafuu kupitia ada ya muhula, kwa hiyo uliza chuoni kabla hujanunua. Treni za masafa marefu, ICE na IC, haikupandishi. Na ni ya usajili: usipoifuta kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Asiye nayo atafute wenzake wanne, kwani Sachsen-Ticket ni ya siku moja, hubeba hadi watu watano, na inafika Halle, Weimar na Dresden. Berlin haifiki. Wapo waliogundua hilo mbele ya mkaguzi.

Wikendi ndipo mafundi wa reli wanapofanya kazi zao. Ukiona herufi SEV kwenye ratiba, ujue kipande cha safari kitakwenda kwa basi, na ongeza saa nzima kwenye hesabu yako.

Kwenye mfuko, neno la kukariri ni *ermäßigt*. Ndilo punguzo, na kitambulisho cha chuo ndicho kinacholileta. Weka pia sarafu za euro moja na mbili, maana makumbusho mengi hayakuruhusu kuingia na begi la mgongoni, na makabati yao mara nyingi yanataka sarafu. Chakula beba. Jumapili maduka makubwa hufungwa, isipokuwa labda yale ya stesheni, na njaa ya Jumapili mji wa watu ni njaa ya gharama.

Miguu watu huidharau. Kutembea makumbusho kunachosha kuliko kwenda sokoni na kurudi, kwa sababu unasimama, unasogea hatua tatu, unasimama tena. Kipimo changu: makumbusho mawili kwa siku, la tatu ni adhabu.

Jambo la mwisho kabla hatujaondoka. Beba pasipoti au kadi ya ukaazi. Ukaguzi ndani ya treni upo, na wenye rangi yetu huulizwa mara nyingi kuliko jirani aliyekaa kiti cha pili. Sisemi kwa kusikia.

(Saa zote humu ni za Kiswahili, tiketi ikisema 08:00, hiyo ni saa mbili asubuhi. Niliwahi kumwandikia rafiki Mjerumani anayejifunza lugha yetu kwamba tukutane stesheni saa mbili. Akatokea saa nane mchana, amejiandaa vizuri kabisa.)

Halle

*Njia.* S-Bahn, treni ya mjini na vitongoji, dakika 35 hivi. Ukikosa moja unasubiri kidogo, nyingine inakuja. Kati ya safari hizi nne, ni hii tu unayoweza kuiamua baada ya kula chakula cha mchana.

*Cha kuona.* Watu wa Leipzig wana kawaida ya kuitania Halle, na mgeni huambukizwa utani huo kabla hajafika. Puuza. Makumbusho ya historia ya kale ya jimbo, Landesmuseum für Vorgeschichte, yana kitu kimoja ambacho peke yake kinatosha nauli: Himmelsscheibe, sahani ya anga iliyopatikana karibu na Nebra. Ni ya shaba nyeusi, upana wake kama sentimita 30, na ilifukiwa ardhini takriban miaka 3,600 iliyopita. Chumba chake ni giza. Shaba imekuwa kijani, na juu yake kuna vipande vya dhahabu: duara kubwa, hilali, na nyota zilizotapakaa. Lakini tazama kati ya duara na hilali. Kuna nukta saba zimejikusanya kama kuku waliopatwa na mvua. Watafiti wanazisoma kuwa ni Kilimia.

Mtu aliyekulia kwa wakulima wa pwani hahitaji kibao cha maelezo hapo. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee wetu walikuwa wanalima kwa nyota hizohizo, na maelezo ya ukutani yanasema wenye sahani nao huenda walizitumia kujua majira ya shamba. Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Kisa cha kupatikana kwake nacho ni filamu: waliichimba wawindaji wa hazina wasio na kibali mwaka 1999, ikauzwa kimagendo, hadi polisi walipowatega wauzaji mjini Basel mwaka 2002. Huazimwa mara nyingine kwa maonyesho ya nje, kwa hiyo hakikisha ipo kabla ya kwenda.

Mchana tafuta sanamu ya mwanamume na mwanamke wa Kiafrika karibu na chuo kikuu, ya mwaka 1965. Karibu yake anakumbukwa Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa pwani ya Ghana ya leo, aliyeingia chuo hiki mwaka 1727 na baadaye akafundisha falsafa. Anayependa muziki ana nyumba ya mtunzi Händel, aliyezaliwa hapa 1685. Mwenye jino la utamu ana Halloren, kiwanda cha chokoleti cha tangu 1804.

*Mfuko.* Mwepesi kuliko wote. Kiingilio kimoja, kahawa, na chokoleti zilizovunjika zinazouzwa kwa bei ya chini.

*Miguu.* Katikati ya mji ni padogo. Tramu utaitumia mara moja au mbili. Saa tano zinatosha, ukianza kwa uvivu hata nne.

*Inamfaa* mgeni wa wiki ya kwanza ambaye bado anaogopa mashine ya tiketi, mwenye kazi ya kuwasilisha Jumatatu, na yeyote anayependa kitu kimoja kitazamwe vizuri. Haimfai anayetaka kurudi na picha ambazo nyumbani watazitambua bila kuambiwa.

Weimar

*Njia.* Saa moja na robo hadi moja na nusu kwa treni ya mkoani, kupitia Naumburg. Kaa upande wa dirisha, kuna mto Saale na mashamba ya mizabibu kwenye miteremko.

*Cha kuona.* Weimar ni miji miwili, na lazima uchague utaanza na upi.

Wa kwanza uko bondeni. Ni mji mdogo msafi, mshairi Goethe ameishi hapo zaidi ya miaka 50 hadi alipofariki 1832, na katika nyumba yake ya Frauenplan unaona mpaka chumba cha kazi na kijichumba alichofia. Maktaba ya Anna Amalia iliungua usiku wa Septemba 2, 2004; vitabu kama 50,000 vikateketea, ikafunguliwa tena 2007. Ukumbi wake una nafasi chache kwa siku, hivyo weka nafasi mapema. Katika kaburi la wakubwa, Fürstengruft, majeneza ya Goethe na mshairi mwenzake Schiller yamelala ubavu kwa ubavu, ila la Schiller liko tupu: vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa 2008 vilionyesha mifupa haikuwa yake, ikatolewa. Watu bado wanaweka maua. Halafu kuna Bauhaus, shule ya usanifu iliyoanzishwa hapa mwaka 1919, na makumbusho yake mapya yaliyofunguliwa 2019. Kama unasoma usanifu majengo au ubunifu, siku yako yote itaishia humo.

Mji wa pili uko juu ya kilima cha Ettersberg, kilomita chache tu kutoka stesheni, basi namba 6. Ni Buchenwald. Kambi ya mateso ya Wanazi, 1937 hadi 1945. Waliopita humo walikaribia 280,000, waliokufa ni kama 56,000. Upepo wa juu kule ni wa aina yake, hata mwezi Mei. Saa ya mnara wa geti imesimama kwenye saa tisa na robo alasiri, wakati kambi ilipokombolewa Aprili 11, 1945. Kwenye geti la chuma kuna maneno *Jedem das Seine*, kila mtu na kinachomstahili, na yameelekezwa ndani, yasomwe na mfungwa. Aliyelazimishwa kuyachora ni mfungwa, Franz Ehrlich, aliyekuwa mwanafunzi wa Bauhaus. Akatumia mtindo wa herufi wa shule yake. Ukiwa umetoka bondeni kutazama viti na taa za Bauhaus, herufi zile utazifahamu kabla hujazisoma. Ndani kuna kisiki cha mwaloni ambao wafungwa waliuita mwaloni wa Goethe.

*Mfuko.* Buchenwald haina kiingilio. Bustani kando ya mto Ilm haina kiingilio. Makumbusho ya bondeni yanalipiwa kila moja, na ukiyajumlisha yanauma, chagua moja au mawili. Sokoni wanauza soseji za Thüringen za kuchoma, harufu inakuvuta kutoka mtaa wa pili. Kwa Waislamu, jueni kwamba kwa kawaida zina nyama ya nguruwe.

*Miguu.* Bondeni rahisi. Kambini ni uwanja mkubwa wa mawe na mteremko, viatu vya kufunga, koti, kofia.

*Inamfaa* mwenye subira na anayesoma historia, sheria, fasihi au usanifu. Wenye watoto waishie bondeni; wenyewe wa kambi hawashauri kuleta walio chini ya miaka 12. Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kwenda Goethe asubuhi na Buchenwald jioni. Nilirudi Leipzig nikiwa sina hamu ya kusema na mtu, na picha za asubuhi nikazifuta. Siku hizi huanza na kilima, kisha nashuka kukaa bustanini kando ya maji hadi treni ya jioni.

Dresden

*Njia.* Treni ya moja kwa moja, saa moja na dakika 40 hivi. Reli hii ya Leipzig na Dresden ilikamilika 1839 na ndiyo ya kwanza ya masafa marefu katika nchi za Wajerumani, jambo la kumwambia mwenzako mkikwama Riesa.

*Cha kuona.* Uzuri, hapa uko wazi, hautafutwi. Unavuka daraja la mto Elbe, na kuba, minara na jumba la opera vimepangwa mbele yako kama seti ya kabatini. Ila sehemu kubwa ya unachokiona ni kipya. Mabomu ya Februari 13 hadi 15, 1945 yaliangusha katikati ya mji, na watu wapatao 25,000 walikufa. Kanisa la Frauenkirche liliporomoka, likabaki kifusi miaka yote ya Ujerumani Mashariki, na lilizinduliwa upya Oktoba 30, 2005. Sogea ukutani: kwenye mawe ya rangi ya mchanga kuna mawe meusi yamechanganyika. Hayo meusi ni ya kanisa la zamani, yaliyookotwa kwenye kifusi na kurudishwa. Mimi hupenda kuwapeleka wageni hapo kwanza, kabla ya dhahabu.

Dhahabu iko kwenye Grünes Gewölbe, hazina ya watawala wa Saksonia. Zipo sehemu mbili na watu huchanganya: ile ya kihistoria ina tiketi yake yenye saa maalumu, ile mpya inaingilika kwa tiketi ya kawaida ya kasri. Wezi waliivamia ile ya kihistoria Novemba 2019. Vito vingi vilipatikana Desemba 2022. Almasi ya kijani, karati 41, haikuguswa; siku ile ilikuwa imeazimwa New York. Katika sehemu mpya utakutana na sanamu ya kijana mweusi, ya mwaka 1724 hivi, kazi ya Balthasar Permoser: ametabasamu, kabeba sinia lenye zumaridi ghafi kutoka Kolombia. Sura amepewa ya Mwafrika, mapambo ya wenyeji wa Amerika. Mchongo hauna kasoro. Mimi nilitafuta benchi nikakaa kidogo.

Zwinger, upande wa pili wa barabara, ina Madonna ya Raphael. Utawajua wale malaika wawili wadogo chini yake, walioegemeza kidevu, hata kama hujawahi kusikia jina la mchoraji: wako kwenye vikombe na miavuli dunia nzima.

*Mfuko.* Mzito. Kila jumba lina kiingilio, na chakula karibu na makanisa kina bei ya watalii. Vuka mto kwenda Neustadt, huko kuna falafeli na kababu za bei ya mwanafunzi. Kuingia Frauenkirche wakati hakuna ibada ni bure, na kutembea ukingo wa Elbe ni bure.

*Miguu.* Makumbusho yako karibukaribu, lakini ni makubwa. Chagua kasri au Zwinger, usichague vyote viwili.

*Inamfaa* mpenda sanaa na vito, wapenzi wawili, mgeni kutoka nyumbani anayetaka kuona Ulaya ya picha. Desemba kuna Striezelmarkt, soko la Krismasi la tangu 1434. Nzuri, yenye msongamano wa Kariakoo sikukuu. Haimfai aliyebakiwa na euro kumi hadi mwisho wa mwezi.

Berlin

*Njia.* Kwa ICE ni saa moja na robo, nawe huna ruhusa. Kwa treni za mikoani ni saa mbili na nusu hadi tatu kila upande, mara nyingi kwa kubadili Lutherstadt Wittenberg. Maana yake, kwa siku moja unakula saa tano hadi sita ndani ya treni. Wengine hununua tiketi ya basi mapema na kuokoa muda. Wengine, nami nimo, huigeuza adhabu kuwa faida: wanashuka Wittenberg kuona mlango wa kanisa linalohusishwa na hoja za Martin Luther za Oktoba 31, 1517, kisha wanaendelea.

*Cha kuona.* Kila kitu, na hapo ndipo penye tatizo. Ukienda Berlin bila kuamua, utapiga picha lango la Brandenburg, utakula kababu, utarudi. Pergamonmuseum, ambayo kila mtu hukutajia, ilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi. Na usidanganywe na kurasa za zamani zinazosema Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ni bure. Mpango huo ulikwisha na mwaka 2024.

Nitakupa njia yangu. Anza Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Ukumbi wa kwanza tu, unainua shingo: mifupa ya Giraffatitan, kimo mita 13.27, mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Inatoka Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani Janensch na Hennig walisimamia uchimbaji, lakini waliochimba walikuwa mamia ya watu wa kule, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa yake, na mifupa ilibebwa kichwani, mzigo kwa mzigo, siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina linalomkumbuka, *Australodocus bohetii*. Watoto wa Kijerumani walikuwa wanakimbia kuuzunguka mguu wa mnyama, na mimi nilikuwa nasoma neno "Lindi" kwenye kibao mara ya tatu. Mama nilimpigia video palepale. Akauliza: "Sasa mwanangu, na wao walilipa?"

Toka, fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi mwisho, uingie Brunnenstraße. Mbele ya namba 193 inamisha kichwa. Kuna jiwe dogo la shaba ya njano, sentimita kumi kwa kumi, lililopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mwaka 2007. Ni la Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, akawa askari mtoto katika Vita Kuu ya kwanza, akaja Berlin, akafundisha Kiswahili chuoni na kuigiza kwenye filamu. Walimkamata 1941 kwa uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Unaweza kupita mara kumi usilione. Watu wanalikanyaga wakiwa na kahawa mkononi.

Ukibakiwa na nguvu, Humboldt Forum ina makusanyo ya ethnolojia, vikiwemo vitu vilivyochukuliwa kwetu enzi ya ukoloni. Au panda U-Bahn, treni ya chini ya ardhi, hadi Wedding, Mtaa wa Waafrika, ambako barabara iliyokuwa na jina la Petersallee iligawanywa Agosti 2024 na kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Ni mtaa wa makazi tu, una miti na magari yaliyoegeshwa. Kibao ndicho cha kuona.

*Mfuko.* Hutegemea wewe. Ukumbusho wa Ukuta wa Bernauer Straße na Topographie des Terrors, kuhusu uhalifu wa Wanazi, havina kiingilio, Sachsenhausen pia. Makumbusho yenye kiingilio hula pesa haraka. Anayelala usiku mmoja au miwili aangalie pasi ya makumbusho ya siku tatu, ina bei ya wanafunzi. Chakula cha halali ni rahisi kupata kuliko miji mingine yote hapa.

*Miguu.* Inaua. Mji ni mpana, umbali kwenye ramani unadanganya. Habari njema ni kwamba Deutschlandticket inatumika kwenye mabasi, tramu na U-Bahn.

*Inamfaa* mwenye wikendi nzima na rafiki wa kumlaza sakafuni, anayejua anachokifuata, na Mtanzania anayetaka kuona sehemu ya nchi yake ilikopelekwa. Haimfai anayeenda kwa sababu hajui aende wapi.

Sasa, wewe uko kwenye hali gani?

Bumu halijaingia na una tiketi ya mwezi: Buchenwald na bustani ya Ilm, na chupa ya chai begini. Hutalipa kiingilio hata kimoja. Kama huna hata tiketi, kaa Leipzig; makumbusho ya Zeitgeschichtliches Forum ni bure, na ukipita makumbusho ya Grassi kumbuka kwamba Hans Meyer, aliyepanda Kibo mwaka 1889 na kujitangaza wa kwanza, alikuwa mchapishaji wa mji huuhuu na alifia hapa 1929.

Mko watano hamna tiketi za mwezi: Dresden kwa Sachsen-Ticket, mgawane. Kundi linapenda mji mzuri, na kwenye kasri mtatawanyika bila kugombana.

Umepata mgeni kutoka nyumbani kwa siku moja tu: muulize anataka picha au anataka habari. Wa picha mpeleke Dresden. Wa habari Berlin, lakini kwa njia ile fupi ya dinosaria na jiwe, usimzungushe.

Mvua ya kutwa: Halle au kasri la Dresden, kote unakaa ndani. Weimar kwenye mvua kilimani si pa mchezo.

Kichwa kimejaa tasnifu na hutaki kufikiri: Halle. Moyo mzito, nyumbani kuna msiba: usiende Buchenwald wiki hiyo. Wenzio wakikushawishi, waambie utawakuta bondeni.

Una Jumamosi huru na Jumapili huru: Berlin kwa usiku mmoja, Wittenberg njiani wakati wa kwenda, wakati wa kurudi lala treni nzima.

Na kama ni Ijumaa saa tano usiku, chai imekwisha, na bado mnabishana jikoni, wekeni simu chini mkalale. Kesho yeyote atakayeamka kwanza awagongee wengine, mwende Halle. Mkichelewa treni, ipo inayofuata.